Fuata Numero Mpaka Mwisho



Leo ninaanza na kosa langu mwenyewe. Nilihubiri juu ya Yoane 21, pale Bwana anapomuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Nilikuwa nimetia MySword katika telefoni, na nilifurahi kama mtoto mwenye panga mpya. Niliona kwamba mara mbili Bwana anauliza kwa neno agapao, numero G25, naye Petro anajibu kwa fileo, G5368. Nikatangaza: agapao ni upendo wa Mungu, fileo ni urafiki wa wanadamu tu, na mwenye fileo bado yuko mbali. Watu wakapiga makofi.

Kiisha ibada mama mmoja mjane, mkimbizi kutoka upande wa Beni, akanifuata. "Pasta, mimi sijui Kigiriki. Yesu ninampenda kama rafiki, maana sina mwingine aliyebaki. Basi upendo wangu haumfikie?" Nilikosa jibu.

Usiku ule nilifanya kazi niliyopaswa kufanya mbele ya kuhubiri. Ninyi mwifanye hivi. Biblia ya Kiswahili niliyo nayo haina numero, kwa hiyo pakueni pia Louis Segond ya 1910 yenye numero za Strong, pamoja na kamusi ya Strong. (Strong alikuwa mwalimu Mmarekani, kitabu chake kilitoka mwaka 1890.) Pakueni siku mnapokuwa na mega, baadaye programu inafanya kazi bila intaneti, hata huko ambako réseau haifike. Gusa numero, kamusi inafunguka. Wengi tunasimama hapo, na hapo ndipo nilipoanguka. Kamusi inakupa maana chache kwa ufupi; haikuonyeshi neno likitembea. Basi enda mahali pa kutafuta, andika G5368, chagua Biblia ile yenye numero, nayo italeta kila mstari wenye neno lile. Isome yote.

Niliisoma. Katika Yoane 5:20 Baba anampenda Mwana: fileo! Katika 1 Wakorinto 16:22 Paulo analaani asiyempenda Bwana: fileo tena. Nikageukia G25. Dema aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu, 2 Timoteo 4:10, ni agapao. Tena Wafarisayo wanaopenda viti vya mbele: Luka 11:43 anaandika agapao, Matayo 23:6 anaandika fileo, kwa kiti kile kile. Walimu wengine wanaona bado kuna tofauti ndani ya Yoane 21, na sitabishana nao. Lakini ile sheria niliyoitangaza haimo katika Maandiko. Niliitunga mimi, kwa mistari mitatu na kamusi.

Jumapili iliyofuata nilisimama nikasema mbele ya kanisa lote kwamba nilikosa, nikasoma Yoane 5:20. Yule mama alikuwa kwenye benchi ya tatu. Hakusema kitu, alinipigia kichwa tu.

Juma lijalo tutafuata neno "neema", G5485. Chajini telefoni mapema, na mwenye programu amkaribishe jirani asiye nayo.