Chembechembe Zinazonyonya Maji: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

 

Leo nazungumzia bidhaa moja tu: chembechembe nyeupe, mithili ya sukari, ambazo zikitiwa maji huvimba na kuwa jeli. Kitaalamu huitwa polima zinazonyonya maji, na jamii yake imo hata ndani ya pampasi za watoto. Watafiti wa Marekani walitengeneza aina moja kwa wanga wa mahindi katika miaka ya 1970, na tangu hapo polima za namna hii zimetumika katika kilimo. Bidhaa yenyewe ni ya kweli. Hata hivyo, kitu cha kweli nacho huweza kuuzwa kwa maneno ya uongo, na kinga ya mnunuzi ni hesabu.

Tuhesabu pamoja. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eka moja huleta takriban lita 4,000 za maji. Sasa chukua kilo 8 za chembechembe, uzichanganye na udongo wa eka hiyo. Hata kama kila kilo itashika lita 200, jumla ni lita 1,600, yaani chini ya nusu milimita ya mvua. Mahindi yanapotoa mbelewele hutumia karibu milimita 5 kwa siku. Akiba hiyo haiwatoshi hata nusu siku. Kwa hiyo, anayeahidi kwamba mfuko mmoja utayavusha mahindi ya eka nzima katika wiki tatu za ukame, ahadi yake haisimami.

Je, chembechembe hizi hazina faida? Zinayo, zinapowekwa pachache na karibu na mizizi: katika kitalu, katika bustani ya mboga, au katika shimo la mche wa mti. Gramu 20 shimoni zaweza kushika hadi lita 4 za maji, na mche mchanga hufaidika nayo. Zichanganye vizuri na udongo. Zikirundikwa mahali pamoja huvimba na kuuinua mche. Udongo wa kichanga hunufaika kuliko mfinyanzi.

Kumbukeni mambo matatu. Kwanza, polima haizalishi maji. Huhifadhi yale tu iliyoyapata. Pili, si mbolea, wala haichukui nafasi ya mbolea. Tatu, chumvichumvi huipunguzia nguvu. Jaribuni nyumbani: tieni kijiko cha chai cha chembechembe katika lita moja ya maji ya mvua, ngojeni saa mbili, kisha nyunyizieni kijiko cha mbolea ya CAN. Mtaona jeli ikisinyaa na kutoa maji.

Kabla ya kulipa, soma lebo. Itafute aina ya potasiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya kilimo. Ile ya sodiamu, kama ya kwenye pampasi, huharibu udongo. Usinunue iliyopimwa kwa kopo kutoka mfuko usio na jina. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inagusa pia visaidizi vya mbolea, hivyo una haki ya kumuuliza muuzaji kibali chake, na usiondoke bila risiti. Chembechembe zihifadhiwe mbali na watoto na mifugo, kwani zikimezwa huvimba tumboni.

Wazee wangu, ninyi mnaijua akiba nyingine ya unyevu. Intumba, yale matuta ya duara ambamo Wafipa hufukia nyasi zikaoza, huupa udongo mboji, na mboji hushika maji na kulisha mmea kwa pamoja. Fedha ya msimu ikiwa haitoshi kwa vyote, tangulizeni mbegu bora, mbolea na intumba. Chembechembe zibaki za kitalu.