Mayai ya Kasa wa Maziwe: Tuchangie Nini?

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia pamoja na wafadhili)



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya uhifadhi wa bahari katika ukanda wetu wa Tanga. Habari hiyo ni ndefu. Ina mikoko, ina matumbawe, ina yule samaki wa kale silikanti aliyefanya tupate Hifadhi ya Bahari mwaka 2009, ina Mto Pangani unaoteremsha maji ya Kilimanjaro na Meru. Tukigusa yote tutatoka hapa bila kushika lolote. Kwa hiyo tutasema juu ya kisiwa kimoja kidogo, Maziwe, na kasa wanaotaga pale, kwa sababu hapo ndipo tunapoona wazi mchango upi unafanya kazi na upi unaishia kwenye picha.

Maziwe iko baharini, kusini-mashariki ya mji wa Pangani, safari fupi ya boti kutoka kijiji cha Ushongo. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kivuli. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa eneo tengefu, miongoni mwa ya kwanza kabisa baharini katika nchi yetu, na sifa yake kubwa ilikuwa kasa. Aina tatu zilitaga pale.

Kisha miti ikaisha. Zimetajwa sababu zaidi ya moja: kukatwa kwa miti yenyewe, mikondo na mawimbi kula ufuko. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi ulikuwa umechukuliwa na maji, na kisiwa kikabaki fungu tupu. Leo maji yakitoka utaliona fungu jeupe na watalii wakipiga mbizi kandokando. Bamvua likijaa, lote linazama. Tangazo la 1975 halikufutwa, lipo mpaka leo. Lakini tangazo halina mizizi.

Kasa naye hana habari na hayo. Jike hukaa baharini miaka ishirini, thelathini au zaidi kabla hajapevuka, kisha hurudi kutaga katika pwani zile alikoanguliwa. Hupanda usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai mia moja na zaidi, hufukia na kurudi majini. Mayai yanahitaji kiasi cha miezi miwili ardhini. Sasa ninyi watu wa pwani pigeni hesabu: bamvua huja kila baada ya wiki mbili. Kabla mayai hayajaanguliwa, maji yatapita juu yake mara tatu au nne. Yai lililofunikwa na maji ya chumvi hukosa hewa na kufa ndani ya ganda. Kwa hiyo kila kiota kinachoachwa Maziwe ni kiota kilichopotea.

Ndiyo maana mayai huchukuliwa na kuvushwa kwa boti hadi ufuko wa Ushongo, yakafukiwa tena juu ya alama ya maji makuu. Wataalamu wanatuambia kuhamisha mayai ni njia ya mwisho, na kwamba penye ufuko salama kiota kiachwe palepale. Tunakubaliana nao. Ila Maziwe hakuna la kuchagua.

Kazi yenyewe haina maajabu, lakini haikubali haraka. Mayai yahamishwe mapema, saa chache tu baada ya kutagwa, kwa maana baadaye kiini hujishikiza kwenye ganda na kutikiswa kunakiua. Yasigeuzwe, upande uliokuwa juu ubaki juu. Shimo jipya liwe na kina kama lile alilochimba mama. Hata mahali pa kuchimba pana maana, kwa kuwa joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto zaidi hutoa majike wengi zaidi. Baada ya hapo kuna kuhesabu siku, kuwazuia mbwa na kaa, na usiku wa kuanguliwa kuzima taa za ufukweni, kwa sababu watoto hufuata mwanga na taa huwavuta nchi kavu. Wakiingia baharini inakadiriwa kuwa labda mmoja kati ya elfu moja ndiye atakayekua.

Wanaofanya kazi hiyo ni watu wa vijijini. Shirika la Sea Sense, lililoanzia Mafia mwaka 2001, limewafundisha wanavijiji kufuatilia viota, Pangani ikiwamo. Wengi wao ni Waislamu, na tunasema hivi makusudi kwa wale wanaouliza kama fedha ya parokia iende kwa wasio waumini wetu. Iende.

Wenzetu mtakumbuka Mpango wa Hifadhi ya Pwani wa Mkoa wa Tanga, ulioanza mwaka 1994 kwa fedha za Ireland na kumalizika 2007. Vijiji vilikubaliana kufunga baadhi ya miamba, doria zikafanyika, uvuvi wa baruti ukapungua. Katika miaka ya 2000 baruti ikarudi kwa nguvu, na ilichukua hadi mwaka 2016 na baada yake, vyombo vya dola vilipoungana, ndipo milipuko ikapungua sana. Hatuulaumu mpango ule, ulifanya mengi mema. Lakini doria bila mafuta ya boti ni mkutano tu.

Liko jambo jingine ambalo kamati zinaweza kulifanya Jumapili ijayo bila shilingi. Tangazeni kwamba nyama ya kasa inaua. Si kila kasa, na huwezi kumtambua mwenye sumu kwa macho wala kuiondoa kwa kupika. Pemba, Novemba 2021, walikufa watu saba. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba hiyohiyo, walikufa watoto wanane na mama mmoja, na wengine 78 walilazwa. Sheria inakataza kuua kasa, hilo wavuvi wanalijua. Habari ya Panza huenda wengine hawajaisikia, na mama mwenye watoto ataisikiliza kuliko sheria.

Sasa mchango. Tumeletewa maombi ya bango kubwa la chuma, fulana, na sherehe ya uzinduzi. Maoni yetu ni kwamba fedha hiyo iwekwe kwenye mafuta ya boti ya kwenda na kurudi Maziwe, tochi za mwanga mwekundu, na posho ya mwezi kwa wanaolinda viota, kwa miaka mitano mfululizo, hata kama kila mwaka ni kidogo. Wafadhili wetu, mtatusamehe: taarifa mtakayopata itakuwa daftari lenye tarehe, idadi ya mayai na idadi ya walioanguliwa, na miezi mingine itasoma sifuri.

Kamati zijadili na kutujibu kabla ya masika, maana ndipo wapandao kutaga huongezeka.