Kikohozi cha Kuku si Ugonjwa Mmoja

Huko Dadamu, Arua, katika West Nile, kuku si kitoweo tu. Ndiye auzwaye mtoto anapodaiwa karo, au mgonjwa anapopelekwa hospitali. Hivyo banda likianza kukohoa, jamaa nzima imo hatarini. Hata hivyo, kukimbilia dawa kabla ya kuujua ugonjwa ni kutupa fedha.

Yafaa ikumbukwe kwamba kukohoa ni dalili tu. Mafua makali ya kuku, yaletwayo na bakteria, huenea kwa siku chache: uso huvimba, pua hutoa makamasi yanayonuka, na mayai yaweza kupungua kwa asilimia 10 hadi 40. Mafua sugu, yaletwayo na bakteria waitwao mikoplasma, huja polepole: kuku hupiga chafya, hukoroma na kukonda, na jike huwaambukiza vifaranga kupitia yai. Mdondo nao huwakohoza kuku, lakini huletwa na virusi; kuhara kijani, shingo kupinda na vifo vingi vya ghafula ndivyo viuelekezavyo.

Tofauti hiyo ina uzito. Dawa za bakteria haziui virusi. Mdondo hauna tiba, hukingwa kwa chanjo. Penisilini nayo haiwadhuru mikoplasma, kwani hawana ukuta ambao dawa hiyo huushambulia. Mwenye kubahatisha hupoteza kuku na fedha, tena huwazoesha bakteria dawa.

Basi mfugaji na asimame bandani usiku, kuku wanapotulia, asikilize mkoromo. Asubuhi atazame nyuso, ahesabu mayai, amtenge mgonjwa, kisha amwite afisa mifugo kabla ya kutoa dawa yoyote. Majimaji ya damu yakichanganywa na kipimo chenye rangi, dalili ya mikoplasma huonekana kwa dakika mbili hivi, punje zinaposhikamana. Uthibitisho hutoka maabara, kwa kupima ute wa kooni.

Hapo ndipo penye wajibu wa serikali. Maabara yake kuu ya magonjwa ya wanyama iko Entebbe, safari ya kilomita zipatazo 500 kutoka Arua, nao bakteria wa mafua makali hawaishi muda mrefu nje ya kuku. Mfugaji anapotakiwa angoje majibu kabla ya kutibu, ni haki yake asingojeshwe hadi banda liwe tupu.