Kalamu chini siku 148: waandishi wa Hollywood walipata nini, na sisi wasanii wa huku je?



Nimeombwa niongelee mgomo. Wengi mulingojea niseme juu ya walimu ao waganga wa hospitali, kwa sababu ni hao tunazoea kuona wakigoma hapa kwetu. Leo naenda mbali, mpaka Los Angeles, kwa watu wanaotengeneza zile sinema munaangalia kwa simu usiku kama mega haijaisha.

Tarehe 2 Mei 2023, waandishi 11,500 wa sendika yao, WGA, waliweka kalamu chini. Tarehe 14 Julai waigizaji wa SAG-AFTRA, watu karibu 160,000, nao wakatoka. Sendika zile mbili kugoma pamoja haikuonekana tena tangu 1960. Waandishi walirudi kazini kisha siku 148, waigizaji kisha siku 118.

Mtu atauliza: hawa si matajiri? Hapana. Ile nyota unajua jina lake ni mmoja kati ya maelfu. Ili mwigizaji apate bima ya afya ya sendika, mwaka ule alipaswa kuingiza dola 26,470 kwa kazi yake, na wengi hawakufika hapo. Zamani, kipindi kikirudishwa kwa televisheni, mwandishi na mwigizaji walilipwa tena kidogo. Njo pesa ilikuwa inalipa nyumba wakati kazi hakuna. Kisha Netflix na wenzake wakakuja. Filme inakaa kwenye intaneti, watu wanaiangalia asubuhi na jioni, lakini ile pesa ya marudio ikashuka, na kampuni hazikutaka hata kusema ni watu wangapi wameangalia. Sasa utadai sehemu yako namna gani kama hesabu iko mfukoni mwa patroni peke yake? Kwangu mimi njo kilikuwa kiini cha mambo yote, kupita hata mshahara.

Tena kulikuwa akili ya mashini. Waandishi waliogopa kompyuta iandike, wao waitwe tu kusafisha kwa bei ndogo. Waigizaji waliogopa sura yao ipigwe picha siku moja, itumiwe miaka na miaka.

Mkataba ulitoka hivi. Mashini haiwezi kuhesabiwa kuwa mwandishi. Kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi aitumie, na ikimpa maandishi yaliyotoka mule, lazima imwambie. Kutengeneza sura ya mwigizaji kwa kompyuta kunahitaji ruhusa yake na malipo. Filme ikiangaliwa na sehemu ya 20 kwa mia ya wateja wa kampuni kule Marekani katika siku 90 za kwanza, mwandishi anaongezewa pesa. Na kampuni zilikubali kuonyesha sendika masaa ya kuangaliwa, lakini kwa siri. Kwa siri! Hapo hawakushinda kabisa. Waandishi walipiga kura ya ndiyo karibu 99 kwa mia. Waigizaji 78 tu, juu wengi waliona mlango wa mashini haukufungwa vizuri.

Na bei yake musiisahau. Mafundi wa mbao, madereva, wapambaji wa sura, hao hawakuwa kwenye mgomo lakini mastudio yalipofunga nao walikosa kazi. Wasimamizi wa filme, sendika yao ilikubaliana na kampuni tangu Juni, bila kugoma. Kwa hiyo asikuambie mtu eti wote walikuwa kitu kimoja.

Sasa siasa. Bunge la California lilipitisha sheria ili mtu anayegoma zaidi ya wiki mbili apate posho ya wasio na kazi. New York na New Jersey zinatoa. Tarehe 30 Septemba 2023, gavana Gavin Newsom, wa chama cha Democrats, chama kinachojiita rafiki ya wafanyakazi, alikataa kuisaini. Alisema mfuko una deni kubwa, na deni lilikuwepo kweli. Lakini rafiki unamujua siku ya kusaini, hapana siku ya meeting. Na tukirudi 1960, muko munajua nani aliongoza waigizaji katika mgomo ule? Ronald Reagan. Mgomo ule njo ulileta mfuko wa pensheni na wa afya. Mwaka 1981, akiwa rais, mtu yule yule alifukuza waongozaji wa ndege zaidi ya 11,000 kwa sababu waligoma.

Kwetu huku, katiba yetu, kifungu cha 38 na cha 39, inalinda sendika na haki ya kugoma. Kusanyiko la haki za wasanii, SOCODA, lipo tangu 2011. Rumba iliingia UNESCO Desemba 2021, tukacheza. Lakini muulize mwanamuziki wa kwenu: wimbo wako ulipigwa kwa radio mara ngapi mwezi huu, na ulilipwa ngapi? Ndiyo maana anatupa libanga. Anataja jina la bosi, la mheshimiwa, la mtu wa dola, kwa sababu jina lile linalipa leo, wimbo wenyewe haulipi. Mimi simulaumu. Ninasema tu: msanii asiye na mkataba, wakati wa kampeni sauti yake inapatikana kwa bei nafuu. Wanasiasa wanajua hilo vizuri sana, na sioni haraka yao ya kulibadilisha.

Mimi mwenyewe, diploma mkononi na kazi hakuna, niliandika mchezo wa kuigiza kwa shirika moja. Walituonyesha mara nyingi, mitaa na mitaa. Tulilipwa transport. Karatasi hatukusaini, kwa hiyo hata pa kulalamikia hapakuwepo.

Kabla ya kugoma, wale waandishi walifanya kazi ya kuchosha: waliandika madai yao, kwa hesabu, wakapigia kura. Karibu 98 kwa mia walisema ndiyo hata kabla ya siku ya kwanza. Sisi hapa hatuna hata liste ya nani anaimba, nani anaigiza, nani anapiga kamera, na bei ya kila kazi.

Basi wanamuziki, wachekeshaji na watu wa kamera walio humu ndani, musitoke kwanza. Kuna kahiye inapita. Andika jina, kazi yako, na pesa ya mwisho uliyolipwa, ile ya kweli.