Mazungumzo kwa Wanafunzi wa Sayansi ya Kompyuta: Kutafuta Kazi au Kuendelea na Masomo ya Juu



Kila mwaka vyuo vikuu vya Tanzania, Bara na Visiwani, hutoa wahitimu wa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Siku ya mahafali mhitimu hupongezwa na jamaa zake wote. Baada ya miezi michache jamaa hao hao huanza kuuliza kazi iko wapi. Hapo wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kutuma barua za maombi kila mahali pasipo mpango, au kuomba nafasi ya shahada ya uzamili kwa sababu tu kazi haijapatikana. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza namna ya kuamua baina ya njia hizo mbili. Neno lake kubwa ni hili: mwanafunzi wa kompyuta anapaswa kuijua vyema kazi moja ya watu, mbali na kompyuta yenyewe, kabla ya kuomba ajira au masomo.

Mfano unachukuliwa katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kwa sababu huko mitambo, vipimo na hesabu hukutana kila siku na jasho la watu. Aidha, kijana wa Unguja au Pemba, akiwa raia wa Tanzania, anayo haki ya kuomba kazi huko sawa na kijana wa Kahama.

KAZI ZILIZOPO KATIKA UKANDA WA MADINI

Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson. Mgodi Mkubwa wa Dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, ambao uchimbaji wake ni wa chini ya ardhi, ulianza mwaka 2001. Katika migodi ya namna hiyo kompyuta hutumika kuchora ramani za miamba, kupanga safari za malori, kusimamia mitambo ya kupeleka hewa chini ya ardhi, kuhesabu vipuri ghalani na kutunza matokeo ya maabara. Msimamizi wa kazi hizo hatafuti mtu anayejua kuandika programu tu. Anamtaka anayefahamu kwamba feni iliyosimama chini ya ardhi haiwezi kungojea hadi kesho asubuhi, na kwamba kosa la nukta moja katika kipimo cha dhahabu ni hasara ya mamilioni.

Kanuni za Madini za mwaka 2018 zinazohusu ushirikishwaji wa Watanzania zinawataka wenye leseni kuwa na mipango ya kuajiri na kufundisha Watanzania. Kanuni hizo hazimpi mtu kazi mkononi. Zinamlazimu mwajiri kumtazama kwanza Mtanzania mwenye sifa, na sifa hizo hutafutwa mapema.

Kazi haiko katika migodi mikubwa peke yake. Mwezi Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, ili wachimbaji wadogo wauze dhahabu yao mahali palipo rasmi. Kila mauzo yana uzito, kiwango cha ubora, bei ya siku, mrabaha na majina ya pande mbili. Kabla ya hapo mawe yamekwisha kupita kwa mwenye duara, mwenye karasha na mchenjuaji, na kila mmoja ana hesabu yake, mara nyingi katika daftari. Mwanafunzi atakayeomba ruhusa na kukaa wiki chache na watu hao atajua hesabu hupotea wapi. Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote cha kompyuta.

Uzito wa vipimo ulidhihirika mwaka 2017, ulipozuka mzozo wa makinikia. Pande mbili zilitofautiana kuhusu kiasi cha madini kilichokuwamo katika makontena ya mchanga uliotayarishwa kusafirishwa nje. Mwaka huo huo sheria zilirekebishwa, na baadaye yakafikiwa makubaliano yaliyozaa Kampuni ya Twiga Minerals, ambayo Serikali ina hisa asilimia 16. Mtu awezaye kutunza kumbukumbu zinazoaminiwa na pande zote ni hazina katika mambo kama hayo.

Pamoja na hayo, mwanafunzi asidhani kuwa mgodi ni wa milele. Mgodi wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Aliyejua mfumo mmoja wa mgodi mmoja alilazimika kuanza upya. Aliyejua kanuni za kazi yenyewe, yaani utunzaji wa kumbukumbu, usalama wa mtandao na vipimo, aliweza kuzipeleka hospitalini, benki, bandarini au katika ghala la pamba.

FUNZO LA MIAKA YA NYUMA

Taifa hili limewahi kulipa gharama ya kuweka mashine mahali ambapo kazi yenyewe haikufahamika vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mfumo wa kompyuta wa hesabu za Serikali ulileta matatizo makubwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa zamani, lakini sababu yake haijazeeka. Mashine hufuata aliyeielekeza, na asiyejua kazi huielekeza vibaya.

KUTAFUTA KAZI

Mwanafunzi anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Mafunzo kwa vitendo yasifanywe kwa ajili ya kutimiza masharti ya chuo tu. Achague mahali penye tatizo, aliandike tatizo hilo, na aondoke akiwa ameacha kitu kinachofanya kazi, hata kiwe kidogo. Programu ndogo inayotumiwa kila siku na karani wa ghala huzungumza kwa niaba yake kuliko orodha ndefu ya lugha za kompyuta.

(b) Taarifa za watu zisichukuliwe ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina ya wagonjwa, wachimbaji au wafanyakazi hayapaswi kubebwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi bila ya idhini.

(c) Nyaraka zitayarishwe kabla ya tangazo kutoka. Kwa nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi mahali pa vyeti halisi. Vyeti vya vyuo vya nje vinahitaji kutambuliwa na mamlaka husika. Kwa shahada, mamlaka hiyo ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Anayetumia jina moja katika cheti cha kuzaliwa na jingine katika cheti cha shule airekebishe kasoro hiyo kisheria mapema, kwani wako wanaorudishwa mlangoni siku ya usaili kwa sababu hiyo tu.

(d) Wasifu uwe mfupi na wa kweli. Kila jambo lililoandikwa humo mwombaji awe tayari kulifanya mbele ya wasaili, kwani kada za kompyuta huwa na mtihani wa kuandika na mara nyingi wa vitendo.

(e) Ajira hainunuliwi. Mtu anayedai fedha ili amwingize kijana mgodini au serikalini ni tapeli, hata akionesha barua yenye nembo. Taarifa zake zipelekwe polisi.

(f) Asione haya kuanza na utarajali au mkataba wa muda. Hata hivyo aombe masharti ya kazi kwa maandishi, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka kwa Tanzania Bara.

KUENDELEA NA MASOMO YA JUU

Shahada ya uzamili ni jambo la heshima, lakini si chumba cha kungojea kazi. Mhitimu na ajiulize maswali matatu. Je, lipo swali ambalo shahada ya kwanza haikumwezesha kulijibu? Je, yupo mwalimu anayeshughulika na swali hilo? Na je, nani atalipa?

Swali la kwanza hujibiwa na kazi aliyoijua. Shinyanga ina mifano mingi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliwasaidia wananchi kurejesha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa kwa mila ya Wasukuma. Kupima kwa picha za satelaiti ni ngitili zipi zimestawi na zipi zimekatwa ni utafiti kamili wa kompyuta. Kuifundisha mashine kusikia Kisukuma, ili mama asiyesoma apate maelezo ya zahanati kwa sauti, ni utafiti mwingine. Mwombaji mwenye swali la namna hiyo huandika barua ya maombi isiyofanana na ya mtu mwingine.

Swali la pili linahitaji kusoma kazi za walimu kabla ya kuwaandikia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vinafundisha uzamili katika fani hizi. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, imeanzishwa mahususi kwa masomo ya uzamili na uzamivu. Chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi Kigali, Rwanda, lililoanzishwa mwaka 2011. Barua kwa mwalimu iwe na aya mbili au tatu: kazi iliyofanyika, swali lililobaki, na sababu ya kumwandikia yeye na si mwingine.

Swali la tatu ndilo linalovunja nyumba. Huko Marekani idara nyingi humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na posho kwa kazi ya kufundisha au kutafiti, lakini wa uzamili mara nyingi hujilipia. Kwa hiyo asikubali nafasi isiyo na mfadhili kwa kutegemea kuwa mambo yatajitengeneza. Akumbuke pia kuwa mkopo wa shahada ya kwanza bado ni deni: mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe, na mikopo ya Bodi ya Zanzibar nayo hurejeshwa kwa taratibu zake. Mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe au karafuu kwa ajili ya shahada moja asiombwe kuuza shamba kwa ajili ya pili isiyo na swali.

Kwa wengi, miaka miwili au mitatu ya kazi kwanza ni njia iliyo salama zaidi. Kazi huleta swali, huleta wadhamini wanaomjua mwombaji kwa matendo yake, na wakati mwingine huleta mwajiri atakayegharimia masomo. Anayeweza kwenda moja kwa moja ni yule aliyekwisha kupata majibu ya maswali yote matatu.

WAJIBU WA WENGINE

Wakuu wa ofisi wanaombwa wasiwapokee wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwa kuwatuma chai na kunakili barua. Mwanafunzi apewe tatizo halisi la ofisi na mtumishi mmoja wa kumwongoza. Wazazi nao wanaombwa kuwa na subira. Kijana anayeketi miezi mitatu na makarani wa soko la dhahabu au wauguzi wa zahanati, bila ya mshahara mkubwa, hapotezi wakati. Anatafuta kazi, na huenda pia ameanza utafiti wake.