Swali ni la Mwanafunzi

Nimeombwa niseme juu ya utafiti ambao mwanafunzi wa chuo huufanya mwenyewe, chini ya msimamizi. Wengi huuogopa, wengine hununua kazi iliyokwisha andikwa. Nitawapa mfano wa kijana wa sekondari.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu. Kwa kuhofia kukosa nafasi ndani ya friji, yeye alitia maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni wa shule, Denis Osborne, aliyefundisha fizikia Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Lakini Osborne hakulitupa swali. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza lijaribiwe maabarani. Mwaka 1969 makala yao ya pamoja ilitoka katika jarida la Physics Education.

Tazameni kazi ilivyogawanywa. Swali lilikuwa la mwanafunzi. Mwalimu alileta maabara, vipimo na utaratibu wa kuandika. Huo ndio usimamizi. Na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha, na kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu kwaweza kubadili majibu. Hiyo si aibu kwa Mpemba. Swali la kweli hustahili kupimwa tena.

Basi vijana, msiende kwa msimamizi mikono mitupu mkingoja mpewe la kufanya. Nendeni na swali dogo mnaloweza kulipima. Andikeni mlichokiona, hata kikikataa mlichotarajia. Nanyi walimu, mtoto akiuliza jambo la ajabu, mpeni chombo ajaribu.

Sisi wa serikalini hutia saini taarifa zenye tarakimu kila siku. Aliyenunua utafiti wake chuoni ataitambuaje tarakimu iliyopikwa? Na hasara haimwangukii yeye. Huwaangukia wanakijiji wanaongoja kisima ambacho katika taarifa kimekwisha chimbwa.

Kuuliza si ujinga.