Tuifunge Simu, Tuifunge na Laini



Zamani mtumishi alipokabidhiwa ofisi, alikabidhiwa pia ufunguo wa kabati la majalada. Jalada la siri likipotea, aliulizwa yeye. Leo kabati hilo tunatembea nalo mfukoni. Ndani ya simu ya kisasa mna fedha zetu, barua za kazi na alama za wanafunzi. Je, ufunguo wake uko wapi?

Watengenezaji hawakutuacha mikono mitupu. Mwaka 2013 ilitoka iPhone 5s yenye kusoma alama ya kidole, na alama hiyo huhifadhiwa ndani ya simu yenyewe. Mwaka 2015 Android 5.1 ilileta kinga nyingine: simu ikiibwa na kufutwa kwa nguvu, haikubali kutumika mpaka iingizwe akaunti ya mwenyewe. Aidha, katika simu nyingi za siku hizi kila kilichomo huhifadhiwa kwa fumbo, na namba ya siri ndiyo hulifumbua. Namba ya tarakimu 4 yaweza kupangwa kwa namna 10,000 tu. Ya tarakimu 6, kwa namna 1,000,000.

Hata hivyo, wengi wetu hufunga mlango tukaacha dirisha wazi. Dirisha hilo ni kadi ya laini. Mwizi mwerevu hahangaiki na simu iliyofungwa. Huchomoa kadi, akaitia katika simu yake, kisha akaomba kubadili nywila ya akaunti ya mwenyewe. Namba ya uthibitisho huletwa kwa ujumbe mfupi, na anayeusoma ni yeye.

Dawa imo ndani ya kadi hiyo hiyo. Kadi ina namba yake ya siri, ambayo mara nyingi huwa imezimwa. Ikiwashwa, kadi huidai kila simu inapowashwa, na kila kadi inapohamishiwa simu nyingine. Anayekosea mara 3 hufungiwa, akahitaji namba ya PUK yenye tarakimu 8; akikosea na hiyo mara 10, kadi haifai tena. Kwa hiyo tusibahatishe. Kwanza tuipate kwa kampuni ya simu namba iliyokuja na kadi, tuandike PUK na kuiweka nyumbani, ndipo tuiwashe na kuweka namba yetu wenyewe. Tuzuie pia ujumbe usisomeke juu ya kioo kilichofungwa.

Wapo wasemao, "Mimi sina cha kuficha." Huenda ni kweli kwa mambo yao. Lakini alama za mwanafunzi na barua ya mwananchi aliyeleta shida yake ofisini si mali yetu, ni amana. Aliyetukabidhi hakutuuliza tunatumia simu gani. Alituamini tu.

Ndugu zangu, tahadhari kabla ya hatari. Kufuli tumekwisha kulinunua pamoja na simu. Kilichobaki ni kulifunga.